Kizungu kinakwama wapi? Dalili, sababu na dawa kwa mtu wa Pwani

Nafunza Kizungu jioni hapa Mombasa. Darasani kuna watu wa hoteli za Nyali na Bamburi, madereva wa tuktuk, vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale, na siku hizi manesi wanaotafuta IELTS, ule mtihani wa Kizungu, waende Uingereza, na ukikusanya makosa yao wote hao utaona ni yale yale yanazunguka, kwa hivyo nimeyaandika hapa mtu ajipime mwenyewe kabla hajatoa pesa.

Wengi wakiona Kizungu kinakataa wanarudi mwanzo kabisa, noun ni nini, verb ni nini, sawa na fundi anayeshusha injini nzima kumbe plagi ndio imechafuka. Makosa mengi yetu ni Kiswahili safi kabisa kilichosemwa kwa maneno ya Kizungu. Ukijua ni kipande gani cha Kiswahili kimepenya, kukitoa si kazi kubwa.

Kabla hujagusa kitu

Chukua simu ujirekodi dakika mbili tatu ukieleza jana ilikuwaje, usiandike kwanza, ongea tu. Halafu fungua meseji zako za Kizungu za juzijuzi, linganisha. Kosa likiwa kwa sauti tu na kwenye meseji halipo, sheria unaijua, shida ni spidi, punguza mwendo urudie kwa mdomo mpaka ulimi uzoee. Likiwa kotekote, sheria huijui ama ulifunzwa vibaya, endelea kusoma. Likiwa kwenye meseji tu, hebu angalia ile simu kwanza, manake mara nyingine ni yenyewe inakubadilishia maneno na wewe unatuma bila kusoma.

Dalili: mgeni anakuelewa kinyume

Naanza na hii sababu ndio inayokula pesa za watu.

Sababu ya kwanza na ndio inawapata wengi ni ndiyo na la. Mgeni amekaa mezani anauliza "You don't have fish today?" Weita anajibu "Yes", moyoni anasema ndiyo, hatuna. Mgeni anatandaza kitambaa mapajani anangoja samaki wake. Nimeiona hii kwa macho yangu, weita anapita na sinia za watu wengine, mgeni anatabasamu, anapita tena, mgeni anatabasamu kidogo, mpaka mwisho uso umekunjamana na weita hajui amekosa nini. Kwetu mtu akiuliza "Hujala?" unamjibu "Ndiyo, sijala", yaani unakubaliana na alivyosema. Kizungu hakimwangalii muulizaji, kinaangalia jibu lako wewe: jibu likiwa na not ndani, linaanza na no. "No, we don't." Jipime hivi, kabla hujafungua mdomo jiulize kitu kipo au hakipo, kipo ni yes, hakipo ni no, swali liwe limeulizwa vyovyote. Ikikuchanganya achana na yes na no kabisa useme sentensi nzima, "We don't have fish today, but the prawns are very good." Hapo hata kamba watauzika.

Sababu ya pili ni saa. Saa mbili asubuhi ni eight o'clock, wala usiniambie unajua, kila mtu anajua akiwa ametulia, shida ni ukiwa na haraka na basi la safari liko nje na mtu anakuuliza linaondoka saa ngapi, ulimi unatoa "two" wenyewe. Ongeza sita au toa sita, halafu taja am au pm, na kama unaweza mwandikie kwa tarakimu kwenye karatasi, 8:00 am, umalize maneno. Na kuna mtego mwingine ambao vijana hawaujui ila ukikaa na wazee wa Mji wa Kale utausikia: kwao siku inaanza magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa mgeni huo ni Thursday night. Friday night yake ni baada ya mchana wa Ijumaa kwisha. Mtu akikuagiza dhow ya jioni au chakula cha usiku, taja tarehe.

Sababu ya tatu, haitokei sana, ni neno moja letu linalobeba pande mbili. Niazime, nimeazima kwake, kote ni azima. Kizungu kimegawa: mwenye kitu ana-lend, mwenye shida ana-borrow. Kwa hivyo "borrow me your charger" hakuna, ni "lend me your charger" ama "can I borrow your charger". Learn na teach nazo usizichanganye, anayepokea ana-learn, anayetoa ana-teach.

Simama hapa: kama kazi yako ni ya dawa, uwe nesi au unamlea mzee nyumbani kwake, na maelezo ya dozi hujayaelewa, usikisie kwa hizi sheria za lugha. Muulize daktari au mfamasia mpaka akuandikie kwa tarakimu.

Dalili: he na she zinakubadilikia mdomoni

"My mother is sick, he is in hospital." Watu wanacheka lakini hii haina uhusiano wowote na akili, hata wenye digrii inawatoka. "Amefika" ya Kiswahili haisemi ni mume au mke, na umeishi hivyo tangu kuzaliwa, sasa ghafla lugha inakudai uchague kila sentensi.

Usikariri jedwali la he, she, it. Unalijua. Toa picha za harusi kwenye simu, zile za familia nzima, upitie mtu mmoja mmoja kwa sauti, "This is my aunt, she lives in Likoni, her husband works at the port, he..." Dakika tano kila siku, ukikosea rudia sentensi yote si neno peke yake.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi na walimu wengi hawaigusi. Mtu anasema "Ali and her wife". Ukimuuliza anakwambia mke si ni mwanamke, ndio nikasema her. Ona sasa, kwetu umilikishi unafuata kitu kinachomilikiwa: mke wake, gari lake, kitabu chake. Kizungu kinamfuata mwenyewe. Mwenyewe ni Ali, basi ni his wife, his mother, his daughter, hata kama ukoo mzima ni wanawake. Ukiona kosa lako ni la his na her tu na la he na she huna, ni hii ndio imekushika.

Ya mwisho ni wanyama. Paka amelala, kuku ametoroka, tunawapa a- kama watu, lakini Kizungu mnyama asiyejulikana ni it. Paka wako wa nyumbani mwenye jina lake unaweza kumwita he au she, hakuna atakayekukamata.

Dalili: wakati uliopita unajirudia au unajichanganya

"I didn't went." "Did you saw him?" Ukisikia hizi mbili tiba ni moja, na uzuri wake ni kwamba Kiswahili kinakusaidia hapa badala ya kukuharibia. Nilienda, ukikanusha unasema sikuenda, husemi "sikulienda". Ile li imetoka, ku imeingia, wakati umetajwa mara moja ukatosha. Did ndio ku. Ikiingia yenyewe, kitenzi kinarudi utupu wake: didn't go, did you see. Does vilevile, "does she work", si "does she works", s imeshapanda kwenye does.

Kama did unaiweza lakini bado watu wanakusahihisha, tafuta neno jana kwenye sentensi zako. Sisi tunasema "nimemwona jana" bila wasiwasi, -me- na jana zinakaa pamoja. Kizungu have haikai na wakati uliokwisha fungwa: yesterday, last week, in 2019. "I saw him yesterday." Bila kutaja lini, "I have seen him", sawa kabisa. Kwa hivyo ukiandika have, piga jicho mwisho wa sentensi, ukikuta tarehe au jana, ivunje.

Bado? Basi huenda ni -na-. Ninajua, ninataka, nina watoto wawili, zote zina na, na mtu anazimwaga zote kwa -ing: "I am knowing him", "I am having two children". Kuna vitenzi vya hali ambavyo havipendi -ing: know, want, like, need, believe, understand, belong, na have ikiwa ya kumiliki. "I am having lunch" ni sawa sababu hapo unakula, hukimiliki hicho chakula, ingawa mtu wa mahamri na mbaazi anaweza kubisha.

Na kama haya yote umevuka, basi ni vile vitenzi vyenye kichwa ngumu, buy bought, bring brought, teach taught, cut cut, put put. Hakuna siri, ni kukariri. Cutted haipo.

Dalili: sentensi zako ni ndefu kuliko zinavyotakiwa

Hii ndio napenda kuishika kwa wanafunzi wangu sababu ukiitengeneza mtu anasikika tofauti wiki hiyo hiyo.

"My brother he works at the port." Kaka yangu anafanya kazi, ile a- umeifasiri ukapata he. Kizungu kitenzi hakina kibebeo cha mtenda, ukishataja my brother imetosha. Jamaa yake wa karibu ni "the man who I saw him", mtu niliyemwona, ile m- ya ndani umeitoa ukaiweka him nje. Toa him. "The place where I live there", mahali ninapoishi, toa there. Cheki yake ni rahisi: soma sentensi ukifunika kile kineno kwa kidole, ikisimama bila yeye, mfukuze.

Halafu kuna zile ambazo si za Kiswahili, ni za Kenya nzima, tumeambukizana. "I can be able to." Can tayari ni kuweza, able ni kuweza, unaweza mara mbili, chagua moja. "More better", better tosha. "Return back", "repeat again", hizo back na again zimekuja bila kualikwa. "Discuss about the issue", discuss haitaki about, ni discuss the issue, ukiipenda sana about tumia talk about. Na "me I think" ni ile mimi naona yetu, kwa maongezi na marafiki sioni ubaya, kwa intavyuu iache mlangoni.

Dalili: s inatoka isipotakiwa na inapotakiwa haipo

Anza kwa kuuliza ni s ya nomino au ya kitenzi, sababu ni mbili tofauti na watu wanaziunganisha.

Ya nomino: informations, furnitures, luggages, advices, equipments. Kwetu mizigo miwili iko sawa, lakini luggage haihesabiki, utasema two bags au two pieces of luggage. Mtu wa risepsheni hii ijue kwa moyo. Children na people tayari ni wingi, usiongeze. Staff ni kundi, ukitaka mmoja mmoja sema staff members.

Utamkuta mtu anakwambia staffs ni Kizungu cha Kenya na kinaeleweka, mbona mnatusumbua. Kueleweka kinaeleweka. Na sisi wa Mombasa uchungu wa kuambiwa lugha yako si sanifu tunaujua, si mwaka 1928 kikao kilikaliwa hapa hapa mjini kwetu na kikachagua Kiunguja ndio kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita na utamu wake wote kikaachwa pembeni. Lakini anayesahihisha mtihani haangalii uchungu wako.

Ya kitenzi: "she go", "the boy play". Kuna mkato unaofanya kazi mara nyingi kwa wakati uliopo: s ni moja tu, ikiwa kwa mtu haiko kwa kitenzi, ikiwa kwa kitenzi haiko kwa mtu. The boys play, the boy plays. Unavunjika kwa maneno kama children, people na news, na news ni umoja, "the news is good". Kwa hio asilimia kubwa ya siku zako utakuwa salama.

Dalili: swali lako linasikika kama taarifa

"You are going where?" Unaenda wapi, wapi iko mwisho, ndio ikaenda mwisho. Kizungu neno la swali linatangulia na kile kisaidizi kinamruka mtenda: "Where are you going?" Wakishajifunza hiyo wanaipeleka hata isipotakiwa, "I don't know where is he". Swali likiwa limebebwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio unarudi wa kawaida, "I don't know where he is". Basi. Na ile "isn't it?" unayobandika kila mwisho kama si ndiyo, ifuate kitenzi chake: "You live in Mtwapa, don't you?"

Dalili: if inakupa sentensi nzito

Ningejua ningekuja. Nge iko pande zote mbili, inapendeza. Ukiileta Kizungu unapata "If I would know, I would come." Would inakaa upande mmoja tu, ule wa matokeo. Upande wa if unarudi hatua moja nyuma: "If I knew, I would come." Na ikiwa jambo limeshapita, ile ningalijua ya wazee, ni "If I had known, I would have come." Cheki: ukiona if na would zimekaa ubavu kwa ubavu kabla ya koma, mara nyingi kuna hitilafu. Nikifika nitakupigia nayo ni hivyo, "If I will arrive" hapana, "When I arrive, I will call you", will moja.

Dalili: a, an na the

Nimeiweka chini makusudi. Kiswahili hakina, ndio maana zinapotea, na hakuna mgeni atakayekosa kukuelewa kwa sababu ya a iliyoanguka, kwa hivyo usikose usingizi, hata manesi wangu wa IELTS wanaofanya vizuri hii ndio inatoka mwisho.

Kipimo cha haraka ni kujiuliza msikilizaji anajua ni kipi? "Kuna mtu anakutafuta" ni a man, hamjui. "Yule mtu amerudi" ni the man. Ukiweza kuweka yule, ile, hicho bila sentensi kuharibika, kuna uwezekano mkubwa ni the.

A au an inafuata sauti, herufi haihusiki. An hour sababu h imekufa, a university sababu inaanza kwa yu, an MP, an SGR ticket manake mdomoni inaanza na e. The usiwape miji wala nchi nyingi: Mombasa, Lamu, Kenya, wala Mount Kenya. Bahari na mito inataka, the Indian Ocean, the Tana River, na majina kama the United Kingdom.

Na in, on, at? Ile -ni yetu ya mezani, nyumbani, sokoni inabeba zote tatu, kwa hivyo hakuna mkato, jifunze kwa vifungu: at home, on the table, in Kongowea, at the ferry. Ameolewa na, ni married to, si married with.

Wakati wa kuacha kujitibu

IELTS ukiwa umerudia na alama ya kuandika haisogei, acha kununua vitabu. Tafuta mwalimu atakayesoma insha zako na kuziwekea alama moja moja, sababu grama ni robo tu ya alama za kuandika, na huenda wewe unaangushwa na mpangilio au hujibu swali lililoulizwa.

Mtoto anayeshindwa kusoma Kizungu, mjaribu kwanza na Kiswahili. Akishindwa kote, shida si Kizungu, na tuition haitamtoa hapo. Pimeni masikio na macho, halafu uulize shuleni mwake kuhusu kituo cha EARC ambapo watoto wanafanyiwa tathmini ya kujifunza.

Mkataba wa kazi Ghuba ulioandikwa Kizungu au Kiarabu, usiufasiri kwa simu halafu ukasaini. Hakikisha ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na wakili ausome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Shall, may na must kwenye mkataba ni maneno matatu tofauti na kila moja lina bei yake.

Ukiwa polisi au kortini usijaribu Kizungu kabisa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 7, mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi ana haki ya mkalimani bila kulipa chochote, hiyo iko kifungu cha 50. Toa maelezo yako kwa Kiswahili, usomewe kwa Kiswahili kile kilichoandikwa, ndio utie sahihi.